Neno la Pili

Mama Glodie aliishika picha kwa ncha za vidole, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Philomène alisimama nyuma ya meza yake akingoja kusifiwa.

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Si huyo hapo, mama. Wa tatu, kuanzia huku kushoto."

"Nkanzu minaiona. Nkanzu njo ya Glodie, ile dantela ilitoka Lubumbashi, minaijua. Lakini ndani ya nkanzu hamuna muntu."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu yao walicheka. Mmoja akainua juu picha ya mwanawe. "Afazali weye. Ya kwangu mushumaa inasimama yenyewe tu. Hakuna mwenye kuishika!"

Ilikuwa Juni 1994, katika mtaa wa Panda mjini Likasi, camp ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, ndani ya chumba cha mbele ambacho kwa miezi mitatu kilikuwa na kibao kilichoandikwa "Photo Philo". Wiki moja kabla ya hapo watoto thelathini na mmoja walikuwa wamepokea komunyo ya kwanza, na wazazi walikuwa wamempa Philomène kazi ya kuwapiga picha. Hakuwa amepata kazi kubwa kama hiyo tangu afungue. Alizisafisha picha zote mwenyewe, akazianika kwenye kamba kama anavyoanika nguo, akazipenda. Kanzu zilikuwa nyeupe na zenye uhai, ungeweza kuhesabu matundu ya dantela, ile lesi ya pindoni, moja moja. Juu ya kola ndipo alipotazama sasa, kwa mara ya kwanza, kwa macho ya mtu mwingine. Palikuwa na duara jeusi. Halina macho, halina pua, na kwa mtoto mmoja aliyekuwa akicheka, kuna meno.

"Ni jua ya kiangazi," alisema. "Inakuwa kali sana."

"Mwaka jana jua haikuwako? Madeleine alimupiga picha mukubwa wake Glodie, mbele ya kanisa ileile, saa ileile. Tunaona mpaka kovu ya hapa." Mama Glodie akagusa paji la uso wake.

Hawakuwa watu wa ugomvi. Walimjua tangu utotoni, walikuwa wameshonewa naye nguo za harusi. Walizungumza kidogo kando, kisha Mama Glodie akarudi na uamuzi: Jumapili ijayo watoto watavalishwa tena na kusimamishwa pale pale mbele ya kanisa, na Philomène atarudia.

"Lakini ni mara moja, Mama Stéphanie," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake. "Batoto hawawezi kupokea komunyo ya kwanza kila Jumapili. Kama tena hamuna muntu ndani ya nkanzu, tutaenda kwa mwingine, na camp nzima itajua juu ya nini."

Walipoondoka, Philomène alikaa. Kibao cha nje kiligongagonga ukuta kwa upepo wa baridi. Alikuwa na siku sita, na hakujua amekosea wapi.

Kabla ya kuwa mpiga picha, Philomène alikuwa mshonaji, na alikuwa mshonaji mzuri. Alijifunza katika nyumba ya mafunzo ya wake wa wafanyakazi, wakati kampuni ilipokuwa bado inafunza, inatibu, inalisha. Mume wake, Constantin, alifanya kazi katika maabara ya kampuni, akipima shaba iliyomo ndani ya mawe. Kamera ilikuja nyumbani kwao mwaka 1988, zawadi ya fundi mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka mizigo. Constantin aliitundika ukutani. Philomène ndiye aliyeishusha, kwa sababu alitaka kuwaonyesha wateja nguo alizokwisha kushona bila kurudi kuziazima kwa wenyewe. Basi picha zake za kwanza zilikuwa picha za nguo. Aliyevaa alikuwa Stéphanie, binti yake, au jirani, au dada yake. Jicho lake lilikwenda kwanza kwenye mshono, kwenye pindo, kwenye mkunjo wa bega, na mkono ulifuata jicho.

Mwaka uleule, Madeleine ndiye aliyemwingiza katika kikundi cha wapiga picha. Madeleine alikuwa mama wa ubatizo wa Stéphanie, marraine wake, mwanamke mrefu mwenye mguu mmoja mzito tangu ajali ya baiskeli, na kabla ya Philomène alikuwa mwanamke peke yake kati ya wapiga picha saba. Walikutana kila Jumamosi alasiri katika darasa la katekisimu. Mkubwa wao alikuwa Baba Albert, mzee aliyekuwa akipiga picha za vitambulisho karibu na soko tangu enzi ya kamera za sanduku. Alikuwa na sauti ya chini na koti lisilobadilika.

Sahihisho, kama walivyoliita, lilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo haukuvunjwa. Picha moja inawekwa katikati ya meza. Wote wanainama. Kisha, kuanzia kushoto kwa Baba Albert, kila mmoja anasema neno la kwanza, yaani jambo jema aliloliona, halafu neno la pili, yaani jambo linalokosekana. Mwenye picha hajibu. Hajitetei, haulizi, haelezi kwamba mtoto alitikisika au mvua ilianza. Anasema aksanti, anachukua picha yake, inawekwa nyingine.

"Ukianza kujibu, hausikie tena," Baba Albert alimwambia siku ile ya kwanza. "Hapa tunasikia. Kujibu utaenda kujibu nyumbani, bwana yako yuko."

Wakacheka. Philomène naye alicheka, akaweka mezani picha ya Stéphanie katika kanzu ya Pasaka. Wakaanza kushoto. Dantela, alisema wa kwanza, dantela inahesabika. Wa pili akasema hajaona kitambaa cheupe kikatoka hivyo bila kuungua. Madeleine akasema mkunjo wa mkono ni kama wa kushikika. Na Baba Albert akasema, "Ni muzuri. Ni muzuri sana, mama."

Hakuna aliyesema neno la pili. Philomène alingoja kidogo, akasema aksanti. Alirudi nyumbani akitembea kama msichana.

Siku ile alikuwa amebeba pia chupa. Constantin ndiye aliyempa. Dawa ambayo maabara ilitumia kupimia shaba ilikuwa ndiyo dawa wapiga picha wanayoitumia kukaza picha, ili isizidi kuwa nyeusi ikitoka kwenye mwanga. Wapiga picha waliiita hipo. Katika maabara, dawa iliyoshika unyevu na kugandamana haikufaa tena kwa vipimo, ikatupwa, na mkuu wa maabara hakuona ubaya Constantin akienda nayo nyumbani. Kwa picha ilifaa kabisa. Philomène aliitoa mezani bila kufikiri, kama mgeni anavyoleta sukari. Baba Albert aliifungua, akachukua punje moja kwenye ulimi, akatazama wenzake.

Tangu hapo alileta chupa kila mwezi. Katika madarasa yale ya Jumamosi aliona wenzake wakikatwakatwa na neno la pili. Waliambiwa mti umeota kichwani mwa bibi harusi, au picha imelala upande. Madeleine mwenyewe aliwahi kutoka na machozi kwa ajili ya mkono wa bwana harusi uliokatwa kwenye kiwiko. Lakini zake zilipowekwa mezani, maneno yaliishia kwenye lile la kwanza. Philomène hakuwa na majivuno. Mwanzoni aliona haya. Baadaye alifikiri: basi labda kuna watu waliozaliwa na jicho. Hakuuliza, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mara moja tu mambo yalikaribia kwenda vingine. Ilikuwa mwaka 1990. Éphraïm, kijana mwalimu wa shule ya msingi ambaye wazazi wake walitoka Kasai, aliishika picha yake muda mrefu kuliko kawaida.

"Neno la kwanza, dantela," alisema. "Neno la pili. Mama Philo, ungejaribu siku moja ku—"

"Éphraïm," alisema Baba Albert kwa upole, "saa inaenda. Tuwekee ya mwingine."

Éphraïm aliirudisha picha mezani. Philomène alimtazama, naye akatazama dirisha. Baada ya miaka mitatu, wakati watu waliotoka Kasai walipofukuzwa, Éphraïm alikaa na mke wake na watoto majuma mengi katika uwanja wa stesheni, pamoja na maelfu wengine, wakingoja treni chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye vijiti. Philomène alimpelekea unga mara mbili. Hawakuzungumza juu ya picha. Treni ikaja, akaenda, na kati ya watu wote waliokaa kwenye meza ile ni yeye peke yake aliyewahi kufungua mdomo.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kikienda. Mwaka 1991 wanajeshi na raia walivunja maduka, na baada ya hapo hakuna duka Likasi lililouza dawa za picha. Kampuni ilianza kuchelewesha mshahara mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha watu wakaacha kuhesabu. Hospitali ya kampuni ilibaki na vitanda. Constantin aliendelea kwenda maabara kwa mazoea, akikaa na wenzake kwenye mabenchi mbele ya mizani isiyopima kitu, mpaka walipoambiwa wasisumbuke kuja. Ndipo alipochukua jembe na kwenda kulima mahindi upande wa Buluo, akawa anarudi Jumamosi na miguu iliyopasuka.

Nyumba ikabaki mikononi mwa Philomène, na Philomène alikuwa na vitu viwili: cherehani na kamera. Watu hawakushona tena nguo mpya. Walileta nguo kuukuu zigeuzwe, zipunguzwe, zitiwe viraka. Lakini picha watu walizitaka, labda kwa sababu kila wiki kulikuwa na mtu anayeondoka. Alifikiri miezi miwili. Ili kufungua studio, kununua karatasi na kukodi taa, lazima auze cherehani, na hakuwa mtu wa kufanya jambo kama hilo kwa pupa. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Januari alifanya jambo lisilofanywa katika darasa lile. Aliuliza.

"Mimi nataka muniambie kweli," alisema. "Cherehani ndiyo inatulisha. Nikiiuza nifungue studio, picha zangu zitaweza?"

Palikuwa na kimya kifupi. Alikikumbuka kimya kile baadaye kama unavyokumbuka hatua ambayo mguu uliteleza. Kisha Baba Albert akasema, "Fungua, mama. Panda haina studio." Wengine wakasema fungua. Philomène alimgeukia Madeleine, kwa sababu wengine walikuwa wenzake, lakini Madeleine alikuwa ndugu.

"Marraine?"

"Kwani picha zako ziko na neno gani?" alisema Madeleine. "Fungua, mama. Fungua."

Cherehani ilinunuliwa na mwanamke wa kule Kapolowe. Ilibebwa juu ya baiskeli, imefungwa kwa mpira, na Philomène aliisindikiza mpaka barabara kubwa. Wiki zile zile Constantin alileta chupa ya mwisho aliyokuwa ameiweka akiba. Ilikwisha mwezi wa tatu, na tangu hapo kila mmoja akawa anaagiza dawa yake Lubumbashi kwa bei ghali. Miezi mitatu ya kwanza, walioingia studio walitaka picha za vitambulisho, na hizo alizipiga ndani, kwa taa, akifuata vipimo ambavyo Baba Albert alimwandikia juu ya kipande cha katoni. Zilitoka sawa. Kisha ikaja komunyo.

Jumamosi ile, siku moja kabla ya Jumapili ya kurudia, Philomène alikwenda kwenye kikundi na picha za komunyo ndani ya bahasha. Hakubeba chupa. Walijua hakuna chupa tena. Alichagua picha ya Glodie na wenzake, akaiweka katikati ya meza, akakaa.

Wakaanza kushoto.

"Neno la kwanza, dantela inahesabika. Neno la pili, sura hazionekani."

"Neno la kwanza, wamesimama vizuri. Neno la pili, giza ya uso. Hapa ni lazima ufungue tundu zaidi, Mama Philo."

"Neno la pili, ni ileile ya Pasaka ya wakati ule, unakumbuka? Vile vile kabisa."

Waliyasema kwa wepesi. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko maneno yenyewe. Hawakutafuta, hawakuinama hata kidogo. Yalitoka yamekwisha kupangwa, kama vyombo vilivyokaa kabatini miaka mingi vikingoja mgeni. Na Baba Albert akamaliza, kwa sauti yake ile ya chini, bila ubaya wowote:

"Mama, weye unapima mwanga juu ya nguo. Nguo nyeupe inadanganya sindano ya kamera, sindano inafikiri dunia yote ni nyeupe, inakuambia ufunge tundu. Kila siku unapima juu ya nguo."

Kila siku. Philomène alifungua mdomo kuuliza, akakumbuka utaratibu. Alisema, "Aksanti." Alichukua picha yake. Ikawekwa ya mwingine, naye akakaa mpaka mwisho, mikono juu ya bahasha, akasikiliza sahihisho la picha za watu wengine bila kusikia hata moja.

Alimngoja Madeleine nje, kwenye ukuta wa kanisa.

"Marraine. 'Kila siku' ni tangu lini?"

Madeleine alitazama mguu wake mzito. "Mama Stéphanie, baridi hii. Tutaongea kesho."

"Tuongee sasa."

"Sasa utanikasirikia."

"Nimekwisha kukasirika. Sema."

Madeleine akaegemea ukuta. "Tuliona tangu siku ya kwanza," alisema. "Bote. Minye nilitaka kukuambia palepale. Baba Albert akasema tungoje, juu weye ni mugeni, na mugeni ukimupiga neno la pili siku ya kwanza harudi."

"Sikuwa mugeni miaka sita."

"Kulikuwa ile chupa."

"Chupa gani?"

"Mama, usinifanye niseme. Maduka yalikuwa tupu. Bila chupa ya bwana yako hatuna kikundi, hatuna kazi, hatuna kitu. Tukasema, kama anaumia ataacha kuja. Tungoje kidogo. Kisha kungoja kukawa..." Alitafuta neno, hakulipata. "Haikuwa ubaya. Hatukukuchukia."

"Mulikaa kusema hivyo? Minye nikiwa wapi?"

"Ulikuwa umekwenda nyumbani."

Philomène aliona darasa lile jioni baada yake, viti vikirudishwa ukutani, mtu akiinua chupa na kuitikisa kuona imebaki kiasi gani. Jambo lililomchoma halikuwa hilo, hata hivyo.

"Na siku ile ya cherehani?" aliuliza. "Siku ile niliuliza. Nilikutazama weye."

Sauti ya Madeleine ilikuwa ndogo. "Nilifikiri utajifunza polepole. Ukiwa ndani ya kazi."

"Nitajifunza kwa nani?"

Watu walipita, wakasalimu, wakajibiwa. Philomène angependa kuondoka hapo na asigeuke tena. Lakini kesho yake watoto thelathini na mmoja watavalishwa kanzu, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Alifungua mfuko, akatoa kamera, akamnyooshea.

"Nionyeshe," alisema.

Uso wa Madeleine ulifunguka kwa furaha, na furaha ile Philomène aliiona kuwa tusi jingine. "Ni kitu ya bure kabisa!" alisema Madeleine. Alijifunga kitambaa chake cheupe kichwani, akasimama mbele ya ukuta, juani. "Chukua minye mufano. Tazama ndani. Sindano inasema nini? Usiisikilize. Karibia. Karibia tena, mpaka uso wangu peke yake ujae, kitambaa isiingie. Sasa sindano?"

"Imeshuka."

"Fungua mpaka isimame katikati. Haya, usiguse tena. Rudi nyuma. Inalalamika?"

"Inalalamika."

"Iache ilalamike. Piga."

Ndiyo yote. Walirudia mara tatu, mara moja katika kivuli. Ilichukua muda ambao mwanamke hutumia kusonga bukari ya unga wa mahindi. Miaka sita walikuwa wamemnyima muda huo, kila Jumamosi, mbele ya macho yake.

Nyumbani alitoa sanduku la picha, akazitandaza kitandani wakati bado kuna mwanga wa mchana. Hakuwa akitafuta makosa. Alikuwa akimtafuta Stéphanie. Stéphanie wa miaka sita katika kanzu ya Pasaka. Stéphanie wa miaka tisa, siku ya komunyo yake, mkono wa Madeleine begani. Stéphanie wa mwaka jana, katika blauzi yenye vifungo vya lulu. Vifungo vilihesabika. Mtoto hakuwemo. Alielewa basi kwa nini hakuwahi kuona: aliwapiga watu wake mwenyewe, na kila alipotazama duara lile jeusi, kumbukumbu yake ilijaza macho na pua. Lakini uso wa Stéphanie wa miaka sita sasa haukuwa mahali popote duniani ila kichwani mwake, na hata humo, alipojaribu kuushika, uliponyoka, ukaja ule wa miaka kumi na miwili.

Kati ya wote waliomzunguka mezani, mmoja alikuwa amemshika mtoto huyo juu ya maji ya ubatizo. Na huyo alisema mkunjo ni kama wa kushikika.

Jumapili watoto walisimama tena mbele ya kanisa, wengine wakinung'unika, wawili hawakuja. Philomène alikwenda kwa kila mmoja, karibu kabisa, mpaka wale wadogo wakarudisha vichwa nyuma, kisha akarudi mahali pake na kupiga. Jumanne Mama Glodie alichukua picha, akaenda nayo mlangoni, na kabla hajafika alicheka kwa sauti.

"Ee! Njo huyu! Ona pua ya baba yake, haijaacha kitu!"

"Dantela imepotea," alisema Philomène. Kweli kanzu zilikuwa zimegeuka weupe mtupu, bila pindo, bila tundu.

"Nkanzu iko nyumbani ndani ya sanduku. Minye nitafanya nini na picha ya nkanzu?"

Studio ikabaki. Haikuwa tajiri, lakini mlango ulifunguliwa kila asubuhi, na habari iliyozunguka camp ilikuwa njema. Constantin alipoelezwa, alichuna ngozi iliyokufa kwenye kiganja, kisha akasema tu kwamba yeye aliileta ile chupa kwa ajili yake, si kwa ajili yao. Kwenye kikundi Philomène hakurudi. Baba Albert alimtumia salamu mara mbili. Alizipokea, akarudisha salamu.

Mwezi wa kumi, joto lilipokuwa limekaza na mvua hazijaanza, Madeleine aliingia studio. Alikuwa amekuja mara kadhaa tangu Juni, kumwona Stéphanie, na walizungumza habari za shule na bei ya unga. Safari hii alikaa, akatoa picha tatu ndani ya kitabu cha nyimbo.

"Nina kazi ya ubatizo kule misheni ya Kapolowe, Jumapili," alisema. "Watoto wengi. Nimejaribu filamu juzi. Baba Albert macho yake siku hizi si macho tena, na wale wengine, unawajua. Weye sasa jicho lako limefunguka. Nisahihishe, Mama Stéphanie. Kama ndugu."

Philomène alizipeleka mlangoni. Zilikuwa picha nzuri, nyuso wazi. Aliziinamisha upande wa jua, na hapo akaona, kwenye ukingo wa kulia wa kila moja, utepe mwembamba wa ukungu, mahali pale pale. Mlango wa nyuma wa kamera ulikuwa umeanza kulegea, mwanga unaingia. Juzi, chini ya mti, uliingia kidogo. Jumapili, katika uwanja wa misheni usio na kivuli, utakula nusu ya filamu. Kipande cha kitambaa cheusi na gundi kingetosha.

"Neno la kwanza," alisema, "nyuso."

Madeleine alitabasamu, akangoja, mikono juu ya magoti. Alikuwa akingoja kwa kweli, kichwa kimeinama kidogo.

"Iko muzuri, marraine," alisema Philomène. "Iko muzuri sana."

"Aksanti," alisema Madeleine. Alizirudisha picha ndani ya kitabu, akaaga, akatoka.

Kwa mguu ule alikwenda polepole. Kutoka mlango wa studio mpaka kona ya barabara ya stesheni kulikuwa na nyumba kumi na moja, zote za kampuni, zote za sura moja, na alipopita kila moja mtu angeweza kumwita arudi. Philomène alisimama kizingitini. Alitazama ndani ya moyo wake atafute hasira, maana aliamini bado ipo, na angependa kuwa na hasira. Hakuikuta. Alikuta tu kwamba kunyamaza ni kazi nyepesi, haihitaji nguvu wala ubaya, unakaa tu kimya na mtu anakushukuru. Madeleine alifika nyumba ya nane, akasimama kumsalimu mtu, akaendelea. Philomène akaingia ndani, kulikuwa na mteja anayengoja picha ya kitambulisho, akamwambia akae vizuri, ainue kidevu, akamkaribia kupima mwanga juu ya shavu lake.